Burse ya kumaliza: historia fupi ya teze zisizoisha

Wandugu wa chama, leo sileti tangazo la kazi wala la semina. Naleta historia kidogo, juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakiota bila kukichunguza: burse ya udaktari. Nina sababu yangu. Wiki tatu hizi nimekuwa najiuliza swali moja. Burse ya namna gani inamfikisha mtu mwisho wa teze yake kwa wakati, na ya namna gani inamwacha njiani?

Nianze na Bisie, juu ndipo nilipojifunza hesabu.

Mimi ni mtoto wa Walikale. Kasiteriti ya Bisie ilipoanza kuchimbwa, karibu 2002, nilikuwa bado mdogo wa kubebwa. Nilipopata akili, baba yangu mdogo alikuwa mbebaji. Kilima kiko ndani ya pori. Wakati ule hakuna gari iliyofika, na kushuka hadi Njingala, kwenye barabara kubwa, mtu mwenye mzigo alilala njiani. Kutoka Njingala mali ilikwenda Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara, watoto tukishangilia, zikaipeleka Goma. Baba mdogo alibeba kilo hamsini mgongoni. Na alilipwa akifika. Juu kilimani alipewa makuta kidogo ya kula njiani, basi. Zingine zote alizipata akiweka mzigo chini Njingala. Siku moja nilimuuliza kwa nini wasimlipe pale pale Bisie. Akacheka: “Mwanangu, ukimlipa mtu wote kule juu, mzigo utauona tena?”

Makuta yale yalilipa minervali yangu ya shule mpaka Septemba 2010, serikali iliposimamisha uchimbaji kwetu kwa miezi sita. Hesabu ile inanirudia kila nikisoma tangazo la burse. Nyingi zinalipa kule juu.

Sasa hali yangu. Nina lisansi ya agronomia, miaka mitano ya mfumo wa zamani. Mwezi huu nimepata milango miwili. Mmoja ni shirika la kilimo linalofanya kazi katika vijiji vya jirani na mgodi: mshahara unajulikana, kontrati ya mwaka. Mwingine ni nafasi ya asistanti chuoni, na ahadi kwamba “burse za udaktari zinakuja”. Moyo uko chuoni. Lakini kuna mtu mmoja ananifanya nisite.

Nitamwita Mzee CT, bila kutaja chuo chake. CT ni shefu wa travo, cheo cha mtu aliyepita uasistanti na anangojea udaktari ili awe profesa. Wengine wanakingojea mpaka kustaafu. Mzee CT alinifundisha udongo mwaka wangu wa pili, na ndiye aliyenifanya niipende kazi hii. Teze yake aliianza 2009, juu ya mmomonyoko wa udongo katika mashamba ya viazi kwenye miinuko ya Masisi. Alipata burse ya Ulaya, miezi 24. Alipima, akasoma, akaandika sura mbili na nusu. Mwezi wa 24 ulipoisha, burse ikaisha na yeye akarudi. Alipotua alikuta ratiba ya kozi tisa, na mshahara wa kumtosha wiki mbili. Miaka ikapita. Promoteri wake kule akastaafu. Sasa Mzee ana nywele nyeupe, na wanafunzi aliowafundisha, wawili kati yao, ni maprofesa wanaomwita “Mukubwa” kwa aibu kidogo wakikutana naye koridoni.

Watu husema ni uvivu. Nilitaka kujua kama ni kweli, ndiyo nikaanza kusoma historia.

Kwetu watu wa kilimo historia inaanzia Yangambi, kilomita kama mia moja kutoka Kisangani ukishuka mto. Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo, mwaka 1933, na Yangambi ikawa makao yake. Ilifanya kazi kubwa sana, tusikatae: michikichi tunayopanda leo inadaiwa mengi na utafiti wa pale, na hebariamu yake bado inatunza mimea mikavu kwa maelfu. Lakini watafiti walikuwa Wazungu. Mkongomani alikuwa mfanyakazi, monitere, msaidizi wa kuhesabu matunda. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Kinshasa 1954 tu, cha Elisabethville 1956. Mwaka huo huo Thomas Kanza akamaliza masomo Leuven, Mkongomani wa kwanza asiye padri kufanya hivyo. Kwa hiyo 1960, uhuru ulipofika, hakuna aliyelalamika kwamba watu wanachelewa kumaliza udaktari. Watu wa kuuanza wenyewe walikuwa wa kuhesabu.

Jirani zetu wa mashariki walikuwa mbele kidogo, na kule ndiko nilikokuta wazo lililonishika. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu mpaka 1970. Karibu walimu wote walikuwa wageni. Rockefeller Foundation ya Marekani ikaamua kusaidia kuwapata wenyeji, na waliofikiria mpango ule waliliona tatizo dogo ambalo wengine hawakuliona: kijana anakwenda Marekani, anasoma, anarudi, na kiti bado kimekaliwa na Mwingereza ambaye kontrati yake haijaisha. Kijana afanye nini? Ataingia wizarani, au atabaki Marekani. Basi wakalipia viti vya kungojea. Mtu alipewa nafasi ya uhadhiri maalumu yenye mshahara, anashika kazi pale pale huku anamaliza utafiti wake, mpaka kiti cha kudumu kipatikane. Wengine walifanya masomo na mitihani Marekani, kisha utafiti wa teze wakaufanya nyumbani, mahali ambapo wangeishi na kufundisha.

Ukiangalia vizuri, burse ile ilimlipa mtu Njingala. Safari ilikuwepo, lakini kulikuwa na makuta yanayomngoja mwisho wa safari.

Rockefeller ilikuja na kwetu pia, katika miaka ya 1970. James Coleman, Mmarekani aliyekuwa ameiongoza kazi yao Nairobi, alihamia Kinshasa. Lakini hapa walikuta nyumba inayohamishwa. Mwaka 1971 Mobutu alikuwa amefunga Lovanium, wanafunzi wakaingizwa jeshini, na vyuo vyote vitatu vikaunganishwa kuwa kimoja, UNAZA. Vitivo vikatawanywa nchi nzima, na agronomia ikapelekwa Yangambi, penye INEAC ya zamani ambayo tangu 1970 ilikuwa imekuwa INERA. Wazo si baya, wanafunzi wa kilimo kukaa msituni penye mashamba ya utafiti. Ila fikiria wewe ni asistanti katikati ya teze, unaambiwa chuo chako hakiko tena, maktaba iko mji mwingine na promoteri wako amepangwa mkoa mwingine. Mwaka 1981 UNAZA ikavunjwa tena.

Halafu 1990. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei askari waliingia kampusi ya Lubumbashi, wanafunzi wakauawa. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano na Zaire, na njia kubwa ya burse za serikali ikafungwa. Mobutu hakuisikia njaa ya kufungwa kwake. Walioisikia ni maasistanti waliokuwa wanangoja zamu yao. Miaka iliyofuata pesa ilioza mikononi, mshahara wa mwalimu ukawa karatasi, na wazazi wakaanza kuchanga primu ili walimu waje darasani. Na ni wakati huo huo vyuo viliongezeka kwetu Kivu. Cha Graben Butembo na cha Katoliki Bukavu vyote vilizaliwa 1989, vingine vikafuata. Maprofesa walikuwa wachache, wakawa wasafiri: profesa anashuka, anamwaga kozi nzima kwa wiki mbili, anaondoka. Aliyebaki na wanafunzi, na mazoezi, na kusahihisha, na kusimamia kazi za mwisho za watu arobaini, ni asistanti na CT. Wandugu, tumesoma juu ya migongo yao. Ukiniuliza teze za kizazi kile zilikwenda wapi, nitakujibu: ziligeuka lisansi zetu.

Lakini isiwe tunadhani ni ugonjwa wa Kongo peke yake. Wamarekani, matajiri kabisa, walikuwa nao. Mwaka 1991 Mellon Foundation ilianza mpango wa miaka kumi katika vyuo vikuu kumi vyao vikubwa, idara 54, za historia, lugha, falsafa na kadhalika. Huko wanafunzi walikuwa wanakaa miaka minane, tisa, kumi bila kumaliza, na wengi wanaacha baada ya kuzeeka humo. Mellon ikatoa makumi ya mamilioni ya dola, kwa sharti kwamba pesa iende kwa anayesonga mbele kwa wakati. Matokeo yalichapwa 2010 katika kitabu kiitwacho Educating Scholars. Muda ulipungua kidogo, walioacha wakapungua kidogo, chini ya walivyotumaini. Kilichonifungua macho ni sababu walizozikuta. Pesa peke yake haikumsukuma mtu. Kilichosaidia ni idara kusema wazi teze inatakiwa iwe nini na ikamilike lini, na promoteri kusoma kazi na kujibu. Mtu mwenye burse nono na promoteri kimya alibaki pale pale.

Hilo CT wetu angeweza kuwaambia bure.

Upande wetu wa dunia, wengine walijaribu njia ya katikati. Waswidi, tangu miaka ya 1970 na Dar es Salaam, na tangu 2000 na Makerere, waligharamia udaktari wa kwenda na kurudi: miezi fulani Uswidi, miezi fulani nyumbani, mpaka mwisho. Wabelgiji waliporudi kushirikiana na vyuo vyetu, nao walichukua mtindo huo. Faida yake ni kubwa. Ndoa haivunjiki, shamba la majaribio halikai yatima, na mtu hapotelei Ulaya. Lakini una tundu. Siku unayotua nyumbani, dekano anajua umetua. Ratiba inakungoja uwanjani.

Tundu hilo, CARTA ya Nairobi ililiona. Huo ni muungano ulioanzishwa 2008, ukiongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC pamoja na chuo cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, kwa ajili ya walimu wa vyuo wanaofanya udaktari wa mambo ya afya ya jamii. Kundi la kwanza liliingia 2011. Wao hawakuishia kumpa mtu hundi. Walimwita kwenye semina nne katika safari nzima ya teze, kila moja ya wiki kadhaa, pamoja na wenzake wa kundi lake. Ya kwanza unajenga swali lako, zinazofuata unashughulikia mbinu, namba na kuandika, ya mwisho unajiandaa kwa maisha ya baada ya kutetea. Na wanachukua mtu aliyekwisha kuwa mwalimu wa chuo mwanachama, ili chuo chenyewe kiwe na mkono ndani. Nilipoisoma orodha ya vyuo vilivyoanza nao, nikaona Makerere, Moi, Nairobi, Dar es Salaam, Rwanda, Malawi, na viwili vya Nigeria. Rwanda imo. Sisi hatumo. Lugha, vita, utawala, chagua unachotaka kulaumu.

Kwa watu wa kilimo kuna RUFORUM, yenye makao Makerere. Ilitoka katika mpango wa Rockefeller wa 1992 (tena hao!), na mwaka 2004 vyuo kumi vya Uganda, Kenya, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe vikaichukua kuwa yao. Baadaye vyuo vya Kongo pia viliingia, hata vya Bukavu. Mwaka 2014 walianza utaratibu ambao kwenye karatasi ni mzuri kupita yote: vyuo vinabadilishana walimu vijana. Chuo kinachokupokea kinakusamehe ada. Chuo chako kinaendelea kukulipa mshahara na kukutunza. Ukimaliza, kiti chako kipo.

Mnacheka? Mimi nilicheka. Chuo chako kinaendelea kukulipa! Hapa kwetu asistanti anaweza kufundisha miaka mitano, sita, hajamekanizwa, jina lake halimo kwenye listi ya mshahara wa Kinshasa. Hakuna cha kuendelea kulipwa. Mpango ulioandikwa kwa ajili ya Mganda mwenye mshahara unamkuta Mkongomani mwenye barua ya uteuzi na primu ya wazazi. Sisemi RUFORUM wamekosea. Nasema nguzo moja ya nyumba yao sisi hatuna, na hakuna mfadhili wa nje atakayetusimikia.

Kuna na njia ya fimbo. Kenya mwaka 2014, tume yao ya elimu ya chuo kikuu ilitangaza kwamba mhadhiri lazima awe na udaktari, na wasio nao wakapewa muda wa miaka kama mitano. Muda ukaisha, wengi walikuwa bado. Kozi zilikuwa zile zile, wasimamizi wale wale. Kwetu fimbo inaitwa LMD. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, chini ya waziri Muhindo Nzangi, mfumo huo umeenea kote, na kwenye karatasi udaktari ni miaka mitatu baada ya masta. Mitatu! Mzee CT alipoiona hiyo alikunja gazeti polepole, akasema, “Mudogo wangu, mvua ya Masisi haijasoma LMD.”

Na si mvua tu. Januari 2025 M23 waliingia Masisi-centre, kisha Goma, na tarehe 19 Machi wakafika Walikale kwetu, wakakaa siku chache, wakatoka mwanzoni mwa Aprili. Mabenki ya Goma yalifungwa. Hata mwenye burse yake halali, iliyotumwa na watu waaminifu, hakujua aitoe wapi. Pale Bisie, ambako tangu 2019 kuna mgodi wa viwanda wa kampuni ya Alphamin, kazi ilisimamishwa katikati ya Machi, wafanyakazi wakaondolewa, kisha ikaanza tena Aprili. Kampuni ilitangaza imesimama, na wenye hisa wakaelewa. Hakuna aliyesema bati limechelewa kwa uvivu. Lakini kontrati za burse nilizosoma, na nimesoma kumi na moja, ni mbili tu zinazosema nini kinatokea kwa miezi yako kama vita imekukuta shambani. Zingine saa inatembea. Umelala kanisani na wakimbizi, saa inatembea.

Ndiyo maana nasema neno “kwa wakati” lina mitego. Sikatai saa. Teze isiyo na mwisho inamla mtu, nimeiona ikimla mtu ninayempenda. Ila saa iwe na mtu wa kuisimamisha kwa haki, na pesa nyingine iwekwe mwisho wa njia. Miezi tisa ya kuandika tu, bila kozi, kwa aliyekwisha kukusanya namba zake. Vyuo kadhaa vya Marekani na Ulaya vina burse za namna hiyo, za mwaka wa mwisho peke yake. Kwetu sijaona hata tangazo moja. Kila mfadhili anataka picha na kijana anayeanza. CT wa miaka hamsini na tano, mwenye sura tatu na viroba vya namba, hafai kwa picha. Wengi wao umri unawakata kwenye mstari wa kwanza wa masharti.

Basi, kuhusu milango yangu miwili. Barua ya chuo nimeijibu, na sikuandika “ndiyo” wala “hapana”. Niliuliza mambo matatu: nitafundisha kozi ngapi mwaka ambao nitakuwa naandika, jina langu litapelekwa lini kwa mekanizesheni, na burse ikiisha kabla ya teze, nani atanilipa. Rafiki yangu mmoja aliisoma akasema nimejiharibia, asistanti haulizi hivyo. Labda. Siku kumi na mbili zimepita, hawajajibu. Shirika wanataka jibu Ijumaa.

Mzee CT alitoka Masisi na pikipiki, Januari ile, na kitu alichookoa ni madaftari ya shamba ndani ya mfuko wa mchele. Kompyuta ilibaki. Juzi alinipigia, akaniuliza kama mikono yangu bado ni myepesi kwenye jedwali. Nikamwambia alete. Kwa hiyo jioni, umeme wa sola ukikubali, naandika namba zake upya, msimu kwa msimu, na yeye anasoma kwa sauti huku amevaa miwani ya kuazima. Tumefika msimu A wa 2016. Kiwanja cha saba maji yameingia, hakisomeki. Anasema anakikumbuka kwa kichwa. Nimemwambia hapana, Mwalimu, hicho tunakiacha wazi.